Siku Sita za Kuitikia Amina

Mume wangu alikuwa akinitania kwamba siri nikipewa asubuhi, adhuhuri iko madukani Alum Rock, mtaani kwetu Birmingham, inapimwa kwa kilo. Hakunionea. Mimi ni mtu wa mdomo, kimya kikizidi chumbani naona kama nimeibiwa kitu. Ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka ile safari ya Italia najishangaa. Siku sita nilikaa kwenye gari pembeni ya mume wangu nikijua kwamba mama yake amekufa na amezikwa, na yeye hajui.

Safari yenyewe ilitokana na kalenda. Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, na kazi yake ilikuwa milango, kuipachika kwenye magari. Ukutani karibu naye mwenzake mmoja alitundika kalenda ya miji ya kale ya Italia, kila mwezi mji wake. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha, hakuna aliyeitoa. Kwa hiyo alikuwa akifunga milango huku anatazama Siena, anatazama Lucca, mpaka akajua nguzo na madirisha kwa kichwa. Kiwanda kilipofungwa, wenzake siku ya mwisho waliondoka na spana na kofia. Yeye akaja nyumbani na kalenda. Akaitandaza mezani juu ya madaftari ya binti yetu, akasema, "Tunakwenda huku."

"Tunakwendaje na wewe huna kazi?"

"Ndiyo maana nina muda."

Nilibishana naye wiki nzima, kisha nikafunga mizigo. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na binti yetu wa miaka kumi, ambaye Kiswahili anakielewa mpaka matusi lakini akijibu anajibu Kiingereza. Gari lilikuwa la kiwanda hichohicho, kuukuu, lakini milango yake, alisema, anaijua yeye. Mimi sijui kuendesha. Yeye anaendesha, na ana presha, vidonge vyake navibeba mimi mkobani. Simu yake aliiacha makusudi kwenye droo pale Alum Rock. "Moja inatosha," akasema, akampa kaka yake mkubwa kule Tanga namba yangu.

Barabara kubwa hakuzitaka. Alisema zile ni za watu wenye haraka na yeye haraka yake imekwisha Longbridge. Tukapita vijijini Ufaransa, tukapita milimani, tukaingia Italia kwa mwendo wa bibi harusi. Lucca tulizunguka ukuta wa mji kwa juu, maana juu yake pana njia na miti kabisa, na alisimama kila baada ya hatua kumi akafungua kalenda kulinganisha. Binti alikuwa anaona haya. Mimi nilikuwa nimefurahi, na furaha ile sijaipata tena.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotuumiza. Mume wangu tangu anioe, akimaliza kusali, huinua mikono akaomba dua kwa sauti, na sisi nyuma yake tunaitikia. Anaomba ya kwetu, ya mtoto, ya riziki, na mwisho siku zote ni mmoja: "Na mama yangu, ewe Mola, mpe afya, mzidishie umri, unikutanishe naye." Amina. Alikuwa hajamwona mama yake miaka mitatu. Alipanga kwenda Desemba, tukishatoka Italia.

Siena, mwezi wa nne kwenye kalenda, ina uwanja mkubwa wa matofali ulioinama, watu wanakaa chini kama wako kwao. Tulikaa. Yeye na binti wakaenda kununua aiskrimu. Simu ikalia mkobani.

"Shemeji," akasema kaka yake, "uko peke yako?"

Basi, hapo hapo nilijua. Mtu wa kwetu hakuulizi uko na nani ila ana jambo.

"Mama ametutoka alfajiri. Tumetoka makaburini sasa hivi."

Nikasema innalillahi, nikataka kulia, akanikatiza. "Sikiliza, shemeji. Usimwambie. Yuko ugenini, anaendesha gari, ana mtoto nyuma, na presha yake unaijua. Mtu hapewi msiba njiani. Atapewa nyumbani kwake, amekaa, ana watu wa kumshika mkono. Nimeshaongea na jamaa wa Birmingham. Siku mtakayofika watakuwepo."

"Sawa, shemeji," nikasema.

Kwetu ndivyo tulivyo, na mimi mwenyewe nimeshiriki mara nyingi. Nimekaa kwenye majamvi Birmingham pale tukimngoja mtu atoke zamu, viatu vyote tumevificha jikoni asije akaviona mlangoni akashtuka, mpaka aingie, akalishwe, aambiwe taratibu. Niliona ni huruma. Nilikuwa sijawahi kuwa mimi ninayemleta mtu kwenye jamvi hilo, tena kutoka mbali namna ile.

Akaja na aiskrimu tatu zinamtiririka mpaka kwenye viwiko, anacheka. "Nani huyo?"

"Kazini. Wanauliza zamu."

"Waambie uko Siena, bwana! Waambie wakutafute mwezi wa nne!"

Nikacheka. Nikaila na aiskrimu yenyewe. Binti akaniangalia, akauliza mbona macho yangu mekundu, nikamwambia jua.

Alasiri ileile akaingia dukani akatoka na shali, ya rangi ya majani mabichi, laini. "Ya mama," akasema. "Jifunike nione. Wewe na mama mabega yenu sawa." Nikasimama katikati ya njia, nimejifunika shali ya mtu aliyefunikwa udongo adhuhuri ile, na mume wangu ananizunguka anasema geuka, geuka tena, mashallah, itamkaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni akasali pale chumbani tulipopanga, akainua mikono, akafika palepale: mpe afya, mzidishie umri. Binti akaitikia. Yeye akageuza shingo kidogo kunitazama.

"Amina," nikasema.

Asubuhi nikajitia tumbo. Nikamwambia linaniuma, bora turudi nyumbani. Mwanamume wa watu akanipeleka duka la dawa, akaigiza kwa mikono mbele ya mwenye duka jinsi tumbo linavyosokota, mpaka foleni yote ikacheka. Nikapewa unga wa kukoroga kwenye maji. Nikaunywa mbele yake nikiwa mzima wa afya, na tukaendelea mbele, tukashuka Orvieto badala ya kupanda kwenda kwetu.

Orvieto uko juu ya jabali, na pana kisima kirefu cha kale kinachoshukwa kwa ngazi. Ngazi ziko mbili zinazozunguka, ya kushukia na ya kupandia, ili wanaoshuka wasikutane na wanaopanda. Alipenda ufundi ule mpaka akasahau kutembea. Kisha akasema, "Hebu lete simu nimpigie mama nimweleze kisima hiki. Mama kachota maji visimani maisha yake yote, atanielewa."

"Haina chaji."

"Asubuhi niliiona umeichomeka."

Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimesimama kwenye moja ya madirisha yanayotazama ndani ya kisima. Nikaingiza mkono mkobani, nikaitoa simu, na wallahi sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe dirishani na vidole vikaachia. Tukasikia inagonga ukuta, mara mbili, kisha maji.

Akanitazama. Nikamtazama. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Wewe mwanamke! Longbridge ungefukuzwa siku ya kwanza!"

Akatangulia kushuka. Binti akabaki nyuma, akanishika kanga, akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba nimeitupa makusudi. Nikasema hapana. Akasema ameniona. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia. Nilifanya kosa, najua. Nilimtwisha mtoto wa miaka kumi mzigo ulionishinda mwenyewe, kwa sababu tu nilikuwa nikitafuta mtu wa kulia naye. Hakulia. Aliuliza ni lini Baba ataambiwa. Nikasema tukifika nyumbani. Akauliza kwa nini si sasa, na jibu nililokuwa nalo lisingeeleweka kwa Kiingereza.

Siku ya tatu tulikuwa Assisi, na hapo ndipo nilipodhani mambo yamekwisha. Alinunua kadi ya simu, ile ya kukwangua namba, akaingia kibanda cha simu kando ya lango la mji. Nilisimama nje. Kioo kilikuwa kichafu lakini namwona vizuri, mgongo wake, mkono unabonyeza namba ndefu ya Tanga. Binti akaniuliza kwa macho. Niliangalia kama pana mahali pa kumlaza mtu akianguka. Palikuwa na benchi. Niliangalia kama vidonge viko mkobani. Vilikuwepo.

Akaongea dakika mbili hivi, kisha akacheka. Akaweka mkonga chini akatoka anajifuta jasho.

"Kalala," akasema. "Ana mafua kidogo, nimewaambia wasimwamshe. Nimeongea na shemeji. Nyumba ina baraka ile, mke wangu, redio inasoma Kurani mpaka huku nasikia."

Ilikuwa siku ya tatu. Haikuwa redio. Ilikuwa hitma ya mama yake, watu wamejaa ukumbini wanasoma, na mke wa kaka yake amebana simu sikioni anamwambia mtoto wa marehemu kwamba mama kalala.

"Alhamdulillahi," nikasema.

Jioni ile akaongeza dua. Aliomba mafua yamtoke. Binti hakuitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa ili asigundue kwamba ni mmoja tu.

Njiani kurudi nilinyamaza. Nadhani ndilo jambo lililomtisha kuliko yote, kunyamaza kwangu. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo kuuliza saa ngapi, litatoka lile. Tulikuwa tunapanda milima kuelekea Ufaransa, mvua inanyesha, malori yanatupita yanatumwagia maji, kushoto jabali na kulia hamna kitu. Akawa anasema na mimi bila kunitazama.

"Umenichoka?"

"Nani?"

"Mimi. Tangu Siena huongei. Unajibu kama karani. Kama ni habari ya kazi, kwamba umeolewa na mtu wa kiwanda na sasa hana kiwanda, niambie. Kama unataka kuondoka, niambie hapahapa. Usinipeleke mpaka nyumbani na jambo moyoni. Sipendi."

Masikini mume wangu. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, na mimi huo mshipa naujua. Nikafungua mdomo. Niliapa namwambia, potelea mbali, asimamishe gari pembeni nimwambie. Hapakuwa na pembeni. Lori likapiga honi nyuma yetu. Binti akaniwekea mkono begani kutoka kiti cha nyuma.

"Endesha," nikasema. "Sikuachi. Endesha tu."

"Basi una nini?"

"Tumbo."

Hakunisemesha tena mpaka tukaingia kwenye meli ya magari, na kwenye meli aliniuliza kama nataka chai. Nilisema ndiyo. Ndiyo maneno yetu ya siku ile.

Tulifika Birmingham alasiri ya siku ya sita. Alum Rock ilikuwa na pilikapilika zake, watu na mifuko, nguo zinaning'inia milangoni, akaanza kuchangamka. Akasema kesho atachapisha picha, amtumie mama pamoja na shali. Tukakunja kona ya mtaa wetu.

Jirani tuliyemwachia ufunguo aliijua siku yetu ya kurudi, akawafungulia jamaa. Jikoni kwangu ni padogo. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na viatu havikuenea. Walivipanga nje, mlangoni, vikashuka ngazi mpaka kwenye njia ya miguu. Makubazi ya kiume, viatu vya kazi, vya kike vyeusi. Nafikiri kila aliyekuja alidhani mwenzake atavitoa.

Alisimamisha gari katikati ya barabara. Alikuwa haangalii mlango, aliangalia viatu. Akazima injini, akaweka mikono miwili juu ya usukani.

"Nani?" akasema.

Mimi, mtu wa mdomo, nikakosa neno. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Siena, ya taratibu, ya kumtaja Mungu kwanza, na yote yalipotea.

"Nani, nakuuliza?"

"It's Bibi, Dad," akasema binti nyuma. Kisha, kwa sababu alikuwa amechoka, na alikuwa mtoto, akaendelea kwa Kiingereza kwamba ilikuwa tangu siku ile ya Siena, na kwamba Mama alijua.

Aligeuza kichwa akanitazama. Gari la nyuma lilipiga honi. Akafungua mlango, ule mlango wake anaoujua mwenyewe, akashuka, akauacha wazi, akapita katikati ya viatu akaingia ndani. Nilisikia wanaume wanamwambia kaa, kaa kwanza, kaa bwana. Nikabaki kwenye gari na honi nyuma yangu, sijui hata kulisogeza.

Hakupiga kelele. Alikaa jamvini siku tatu, akashikwa mikono, akashukuru watu. Wote waliniambia nimefanya vyema, nimekuwa mke mwenye busara. Jamaa walipoondoka, akanikuta jikoni naosha sufuria la watu.

"Sikulaumu kwa mazishi," akasema. "Nisingewahi. Sikulaumu kwa aiskrimu. Lakini mama yangu siku ile alikuwa na haja ya dua moja tu, ya rehema, nami ni mwanawe. Wewe umeniacha siku sita namwombea mafua. Nikimaliza unasema amina."

Nilimwambia kaka yake ndiye aliyeniagiza. Nilimwambia presha. Nilimwambia ile barabara, lile lori. Nilisema mengi, maana mdomo ulikuwa umerudi.

"Kwa nini ulisema amina?" akauliza. "Ungenyamaza tu, ningejua."

Alikwenda Tanga kwenye arobaini. Shali akampa mwanamke aliyemwosha mama yake. Akarudi, akapata kazi ya kupeleka vifurushi kwa gari, tukaendelea kuishi, tukacheka pia, watu hucheka. Kalenda ilikaa kwenye droo pamoja na ile simu yake ya zamani. Ila dua aliacha kuomba kwa sauti. Kila alipomaliza kusali, aliinua mikono, midomo ikacheza bila sauti, akajipangusa uso, akainuka. Sisi nyuma yake tukabaki na amina zetu mdomoni hatujui pa kuziweka. Nilidhani itapita. Ikapita miaka minne.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Selly Oak. Asubuhi moja ya baridi, saa nne hivi, muuguzi mwenzangu, Mkenya, akaja mbio koridoni. "Mzee wako ako nje kwa mapipa," akasema. "Anakutaka sahii."

Nikatoka na glavu zangu mikononi. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mapipa ya taka, gari la vifurushi linanguruma nyuma yake, mlango wazi.

"Baba yako amefariki," akasema. "Leo, kama saa moja iliyopita. Kwenu wamenipigia mimi. Wamesema nisikwambie mpaka urudi nyumbani ukae."

Hakuniambia kaa kwanza. Hakutanguliza neno. Nilimpiga, jamani. Nilimpiga kifuani na glavu za kazi, mara mbili tatu, nikapiga kelele mpaka madirisha ya wazee yakafunguliwa. Nilimchukia vile nilivyodhani siwezi kumchukia mtu. Nilitaka safari moja tu ya treni, kutoka Selly Oak mpaka mjini, nikiwa mtu mwenye baba. Hata saa moja hakunipa.

Aliniacha nimpige mpaka nikachoka. Kisha akanishika kichwa akakiweka begani kwake, na palepale kwenye mapipa, mbele ya muuguzi na madirisha, akainua mkono wake mmoja uliokuwa huru na akaanza kuomba. Kwa sauti. Alimtaja baba yangu kwa jina lake na jina la mama yake, akamwombea rehema, akamwombea kaburi pana. Sauti ilikuwa imekwaruza, nilikuwa nimeisahau.

Akafika mwisho, akanyamaza, akangoja.

"Amina," nikasema.